Kiti cha Mia Mbili na Moja

Wageni mia mbili, viti mia mbili; hivyo ndivyo kamati ya harusi ilivyoagiza. Mama Viti, mkodishaji wa mtaa mzima, akashusha mia mbili na kimoja.

Bibi harusi alikuwa binti wa jirani yake. Nyumba zao zinachangia ukuta mmoja. Kadi zilizunguka mtaa wote, zikaruka mlango wake. Alipouliza, mwenyekiti wa kamati aliangua kicheko: "Kadi ya nini, dada? Si utakuwepo tu, unaleta viti?"

Ni kweli, alikuwepo siku zote. Miaka kumi na tisa alisimama kando katika kila sherehe, akingoja watu wainuke akusanye vyake, arudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Leo alikifuta kile kiti cha ziada kwa upindo wa nguo yake. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa waya, aliufunga mwenyewe. Akakiweka mstari wa mbele, akakaa. Kumbe viti vyake vinaumiza mgongo! Hakuwahi kujua.

Mwenyekiti akaja mbiombio, bangili zikilia. "Mama Viti! Hapo ni pa mashangazi. Inuka, watu wanatazama."

"Waache watazame. Mashangazi wana viti vyao, nimevipanga mwenyewe."

"Jamani, unatuaibisha! Waombe radhi wakubwa, kisha ukasimame kule kwako."

Mama Viti alishika mikono ya kiti, yote miwili.

"Sisimami," alisema. "Na radhi siombi."