Mti wa Gunia Kumi

Jamani, siku Zamoyoni alipoleta ile miwani ya kompyuta kutoka chuoni, mtaa mzima ulihamia ukumbini. Ukiivaa tu, uko msituni. Mama mmoja alipiga hodi kabla hajaingia, watu wakacheka mpaka basi.

Zamu ya baba yake Zamoyoni ikafika. Mzee Mkopi, mchoma mkaa, alikuwa kavaa shati lake la Idi ili asimtie mwanawe aibu mbele ya wanachuo wenzake.

"Tulia tu, baba. Angalia juu," Zamoyoni akasema akimvika miwani.

Akaangalia. Mbele yake ulisimama mti mnene kama nyumba, majani yakicheza na jua. Mdomo ukabaki wazi. Uso ule hakuna aliyewahi kuuona kwake.

Halafu mkono ukanyanyuka wenyewe. Akagonga hewa kwa vifundo vya vidole, ngo ngo, akatega sikio, kama anavyopima miti yake siku zote.

"Huu unatoa gunia kumi," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mzee, mimi niwekee moja," mtu akapaza sauti. Zamoyoni akainamisha kichwa.

"Baba, huo si wa kukata."

Hapo ndipo mzee aliposikia mwenyewe alichosema. Juu ya tawi, kima aliyebeba mwanawe alikuwa anamtazama yeye tu.

"Nikuvue, baba? Wengine wanasubiri."

"Bado," akajibu taratibu. Akapeleka mikono yote miwili nyuma, akaishikanisha, akabaki amesimama mbele ya yule kima kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.