Saa Ruksa, Simu Marufuku

Futi ya kupimia nguo ilikuwa imening'inia kwenye msumari kando ya mlango wa nyuma, na pale hapakuwa na mtu wala nguo ya kupimwa.

"Nani kaitundika hii?" aliuliza msimamizi.

"Mimi, bosi," alijibu Bi Mkasi bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani chake. "Nikiiweka mezani inapotea. Hapo naiona."

"Ungesahau na kichwa kama kisingekuwa shingoni."

Aliiacha. Alikuwa na marobota ya vitambaa ya kuingiza, na kazi hiyo ilitaka mikono miwili. Kama kawaida yake alifungua kufuli, akautundika ufunguo kwenye msumari uleule, akausukuma mlango na kutoka uani.

Bi Mkasi walimpa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake. Mkasi wa chuma kila mshonaji anao. Wiki tatu zilizopita pasi iliunguza rundo la vipande vya nguo, moshi ukajaa ukumbi mzima. Wanawake arobaini na mmoja walibanana kwenye mlango huuhuu wa dharura wakiupiga ngumi, na msimamizi yuko mtaa wa pili ananyolewa ndevu, ufunguo mfukoni. Bahati yao moto ulikwisha kabla wao hawajakwisha. Wifi yake Bi Mkasi, mjamzito wa miezi saba, alianguka pale chini, na mpaka leo anakohoa.

Waliomba mlango usifungwe tena. Mwenye kiwanda akasema vitambaa vitaibwa. Wakaomba mara ya pili, na msimamizi akawacheka: dua la kuku halimpati mwewe.

"Basi sisi si kuku," Bi Mkasi alimjibu mbele ya watu, na akakatwa mshahara wa nusu siku.

Sheria ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: simu marufuku. Kila asubuhi zote ziliwekwa kwenye rafu mkabala na mlango wa nyuma. Saa ziliruhusiwa, tena msimamizi alizihimiza, asije mtu akasema hakujua amekaa chooni muda gani. Kwa hiyo binti yake Bi Mkasi alipomletea saa janja, ile inayoiamrisha simu kutoka mbali, hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hiyo simu yake ilikuwa rafuni pamoja na nyingine, ila imesimama wima, imeegemea kopo la vifungo.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa," wifi yake alinong'ona kutoka cherehani cha jirani. "Akiiona picha ya mlango umefungwa hawezi kukataa."

"Picha nitaipata," alisema Bi Mkasi.

Kioo cha saa kilimwonyesha yote yaliyokuwa mbele ya simu, madogo kama stempu. Akavuta karibu, akagusa. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu. Ya pili ikaingiliwa na bega la msimamizi. Akasonya. Akashona mishono michache kuzuga, akasubiri robota jingine. Ya tatu ikatulia.

"Wewe! Una miadi na nani, unavyoitazama hiyo saa?"

Msimamizi hakuwa mjinga. Aliutazama mkono wa Bi Mkasi, akaitazama rafu, akaona simu moja inawaka kioo. Akaikwapua, akamsimamia kichwani.

"Ifungue."

Bi Mkasi akaifungua. Vyerehani vilisimama kimoja kimoja. Msimamizi akapekua picha, uso umemvimba kwa hasira. Halafu, taratibu, akaanza kucheka.

"Njooni muone ushahidi wa Bi Mkasi! Kaniviziaaa, kaja kunipiga picha mlango uko wazi! Msumari, futi yake, ufunguo wangu, na mlango wazi kama wa sokoni." Akajipangusa machozi. "Mama, umenisafisha. Nilitaka nizifute, sasa sizifuti. Mpelekee mkaguzi mwenyewe."

"Kwa hiyo picha ni zangu?"

"Zako zote. Katundike sebuleni."

Simu alimrudishia; saa aliichukua, akasema ataipata mwisho wa mwezi. Bi Mkasi akaivua na kumkabidhi, akimtazama machoni mpaka mwanamume akageuka kwanza.

Wifi yake alikuwa analia. "Ungesubiri afunge kwanza, wifi. Hata mtoto angejua. Sasa tutasema nini?"

"Futa machozi," alisema Bi Mkasi. "Na ukohoe vizuri, usimeze."

Ijumaa mkaguzi alikuja, akaukuta mlango wa dharura uko wazi na umefagiliwa, akanywa chai na mwenye kiwanda, akatia sahihi. Msimamizi alimngoja Bi Mkasi atoe picha zake. Bi Mkasi alikuwa anapindia mikono ya mashati na hakufungua kinywa, na watu wake wa karibu waliona aibu kwa niaba yake.

Jumatatu kufuli likarudi mlangoni. Msimamizi alilivuta mara mbili kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kunyolewa.

Hakuna aliyeinua kichwa. Chini ya magauni yao, wanawake wote arobaini na mmoja walikuwa wamevaa shingoni, kila mmoja wake, ufunguo wa kufuli lile, mpya, uliochongwa kwa kipimo cha futi ile pichani, ungali na makali ya tupa.