Damu Tayari

Mipira miwili myembamba ilikuwa imepishana kifuani mwa Bruda Olindo, na Asukile, aliyegeuka juu ya tandiko la baiskeli kumtazama akija nyuma, hakuhitaji kuelezwa ni ya nini. Damu hupita kwenye mipira. Hayo aliyasikia kwa Matano, muuza chumvi wa Iringa mjini, na Matano hakuwa mtu wa kusema asiyoyajua. Au ndivyo Asukile alivyoamini asubuhi ile ya mwaka hamsini na sita.

Akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote.

Alfajiri mkewe, Damari, alikuwa amejifungua katika hospitali ya misheni, na damu ikakataa kukoma. Sista alitoka wodini amekunja mikono ya gauni.

“Baba, mkeo anahitaji damu. Huku hana ndugu ila wewe. Njoo tukutoe kidogo.”

Na sindano ile aliyoishika! Asukile alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, seremala kwenye shamba la tumbaku, mtu wa kubeba gogo peke yake. Alisema anaenda haja. Akachukua baiskeli.

Hakufika mbali. Alikaa darajani mpaka jua likapanda, akilia kwa sauti, maana kwenda Mbeya kwa kaka yake aliona aibu, na kurudi aliogopa. Wakipata tone moja, Matano alisema, watakurudia mpaka ukauke. Mumiani hana haya, hata awe na msalaba shingoni. Lakini Damari je? Kila alipoinuka arudi kwa Damari, miguu ilikataa.

Ndipo alipomwona Bruda anakuja.

Wangemtuma mtu mwingine yeyote, Asukile angemwacha mbali. Lakini Bruda Olindo, fundi mitambo wa misheni, alikuwa amekula mshahara wa kuendesha baiskeli kwao Italia miaka kumi na mmoja kabla hajaingia utawani. Picha zilikuwa ukutani kwenye karakana yake. Asukile alizitazama siku alipopeleka rimu kunyooshwa. Bruda hakuwahi kushinda hata shindano moja, mwenyewe alisema akicheka. Kazi yake ilikuwa kumtumikia bingwa: kumletea maji, kumkinga upepo, na bingwa akipata pancha, kumvulia gurudumu lake mwenyewe na kubaki kando ya njia. Asukile aliona ni kazi ya kijinga, ingawa hakusema.

“Lakini mlimani,” Bruda aliongeza siku ile, “mlimani hakuna aliyeniacha.”

Hilo halikuwa na ubishi. Asukile alishamwona kwa macho yake akilipita lori la tumbaku kwenye mwinuko wa Ipogolo.

Na mbele sasa palikuwa na mlima.

“Asukile!” Sauti ilipanda na upepo. “Damu! Damu tayari!”

Tayari! Kana kwamba yeye ni mbuzi wa Krismasi. Asukile aliinuka kwenye tandiko, akasimama juu ya pedeli, baiskeli yake nzito ikilia kila kiungo, keria ya nyuma ikigonga. Aliogopa mpaka meno yalimuuma. Kwa mwoga huenda kicheko, akajiambia, na kwa shujaa huenda kilio. Kisha akakumbuka kilio ambacho kingeweza kuwa wodini kwa Damari muda huo, akazidi kukanyaga ili asifikiri.

Alipogeuka tena hakuamini. Bruda alikuwa anabaki nyuma! Ile baiskeli nyepesi yenye gia ilikuwa ikiyumba toka ukingo hadi ukingo, mwenyewe ameshika usukani kwa mkono mmoja, wa pili ameukunja tumboni. Katikati ya mlima akashuka, akainama, akatapika. Akapanda tena.

“Anajifanya,” Asukile alinong'ona. “Chui naye hulala chini kabla hajaruka.”

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hatua mia kabla ya kilele, cheni ilikatika. Asukile akaanguka kifudifudi, akajizoa, akaokota jiwe. Miguu haikuwa na mbio nyingine.

Bruda alifika akikokota baiskeli. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kwa karibu Asukile aliona kwamba ile mipira ni matairi tu ya akiba, yana vumbi, na moja lina kiraka. Hata hivyo hakuliachia jiwe.

“Ukinigusa, Bruda, nakupasua kichwa!”

Bruda hakumgusa. Aliketi chini kwa uzito, akaweka kichwa katikati ya magoti, akakaa hivyo muda mrefu.

“Damari anakuuliza wewe,” alisema mwishowe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Anakunywa uji. Mtoto dume. Analia kama honi ya lori.”

“Mwe! Damari wangu? Anakunywa uji?”

“Anakunywa. Anasema, nimletee mume.”

Jiwe likamponyoka Asukile. Akaketi vumbini pembeni mwa yule mzungu, akacheka na kulia kwa pamoja. Halafu aibu ikamshika, aibu kubwa, na katika kuificha akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

“Lakini leo nimekuacha mlimani, Bruda.”

Bruda alitabasamu. Jua lilikuwa kali; akakunja mkono wa shati taratibu, mpaka kwenye kiwiko, palipofungwa pamba yenye doa jekundu.

“Umeniacha,” alisema. “Mwezi ujao tunarudia. Damu yangu ikirudi yote.”