Aliyezima Kamera

Aliyezima kamera alikuwa na neno la siri. Hilo ndilo jibu alilopewa mwenye duka la betri za magari alipompigia simu fundi wa kamera.

"Hazikuharibika, mzee. Mtu ameingia kwa njia ya mtandao, akatumia neno la siri lile lile lako, akazima. Wezi wakaja baadaye."

Mwenye duka akakata simu, akamtazama shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, aliyekuwa akifagia vipande vya kufuli lililovunjwa. Neno la siri walilijua wao wawili tu, na yeye hakujiibia.

"Shemeji, jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwako, shemeji. Si ulinicheka mwenyewe niliposinzia na sahani mkononi?"

"Na simu je?"

"Mfukoni. Ulitaka niiache wapi?"

Jibu lilikuja upesi mno. Mwenye duka akaliweka moyoni.

Kamera zile alijivunia sana. Televisheni kubwa aliitundika juu ya kaunta, uso kwa wateja, ili kila anayeingia ajione na kushika adabu. Kila kilichokuwa kwenye kompyuta yake kilionekana pale. Mteja mmoja mwenye kofia hakuchoka kuisifu. Huingia, huinua macho, hutikisa kichwa. "Hapa mwizi atakiona cha moto!" Kisha huondoka bila kununua hata maji ya betri.

Kwa kuwa mwenye duka alikuwa mvivu wa kuandika neno la siri kila asubuhi, fundi alimfundisha kulipachika neno hilo ndani ya anwani yenyewe ya mtandao. Akiibonyeza, kamera zinafunguka.

Sasa akaamua kulibadilisha. Akainama nyuma ya kaunta, kiganja kimoja kikificha vidole vya mkono wa pili ili shemeji asichungulie. Akaandika lile lililokuwa likimchoma moyoni, akalipachika kwenye anwani kama alivyofundishwa. Picha zikarudi. Neno hili hata mkewe hatalijua.

"Lete funguo," akasema. "Dada yako nitazungumza naye mimi."

"Shemeji, nina watoto. Nikifukuzwa kwa wizi, nani mwingine atanipa kazi?"

"Ungewafikiria jana."

Funguo zikatua juu ya kaunta. Shemeji akachukua koti lake, akatoka bila kuaga. Mwenye duka akashusha pumzi. Moyo ulimuuma kidogo, lakini angalau duka sasa lilikuwa salama.

Bibi mmoja aliyeingia shemeji akitoka, akanunua betri, alikuwa anasubiri risiti. Alikuwa amevaa miwani yake, kichwa juu, akiitazama televisheni. Midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayesoma.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe aliyekuibia ni shemeji yako?"

Mwenye duka akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Si umeandika mwenyewe?"

Bibi akaonyesha kwa kidevu, juu kabisa ya picha, mwishoni mwa ile anwani ndefu: *mwizinishemeji*.

Nyuma yake, yule mteja wa kofia alikuwa ameshaingia, ameinua macho.