Jani Changa

Mkuu wa maabara alikwisha kuamuru: kabla ya saa sita mchana, trei zote za mpunga zimwagwe. Wiki tatu ndani ya maji ya chumvi zilitosha, na miche ilikuwa imekwisha kufa.

Mtafiti alibakiza trei moja, ile ya mbegu za shangazi yake, ambaye shamba lake liliingiwa na chumvi. Majani ya chini yalikuwa yamekauka. Lakini katikati ya mche mmoja lilichomoza jani jipya, kijani kibichi, refu kama kidole.

Alikata kipande cha jani lililozeeka, akakitafuna. Chumvi tupu. Akatema, akakata ncha ya lile changa. Halikuwa na chumvi hata chembe.

"Yaani sasa unakula utafiti?" mkuu alimaka kutoka mlangoni.

"Onja mwenyewe, mzee. Mche huu unaisukumia chumvi kwenye majani yaliyozeeka na kuifungia humo ndani ya seli, ili changa lipone. Iko protini inayofanya kazi hiyo, na nitaipata."

"Mradi umefungwa, dada. Mwaga."

"Simwagi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia kwa heshima: simwagi."

Akaikumbatia trei. Maji ya chumvi yalimwagikia koti lake jeupe, yakapenya mpaka kifuani, yakamwasha pale alipojikuna asubuhi. Alianza kutembea.

Mkuu alitanua mikono, akaziba mlango.

Mtafiti hakupunguza mwendo.