Nyasi za Kaburini

Sheria ya mlima ilikuwa moja: panapotambuliwa aina mpya ya nyasi, watu huhama, nyasi zikabaki.

Aikande, mtambuzi wa nyasi wa serikali, alikuwa zizini kwa mama yake alipochomoa jani moja horini. Lilikuwa na manyoya meupe, kama nyasi za kule juu karibu na kilele, lakini aina hiyo hakuwahi kuiona popote.

“Mama, haya umekata wapi?”

“Kaburini kwa baba yako. Yamejiotea katikati ya mimea ya masale tuliyompandia.”

Akalirudisha jani haraka, akamsogezea ng’ombe. Ng’ombe akanusa, akageuza kichwa.

“Hayataki, hata jana nilijaribu kumpa. Ila yanashika udongo, mwanangu. Nimewagawia majirani miche wapande.”

Aikande akatoka nje. Kando ya mifereji, hadi kule shuleni, weupe ulikuwa ukiyumba kwa upepo.