Tairi la Wakata Miwa

Mashine mpya yenye akili mnemba iliwasha taa nyekundu: tairi bovu. Celestina alikuwa amelipitisha mwenyewe asubuhi, baada ya miaka kumi na tisa ya kukagua matairi kwa viganja pale kiwandani Mikumi. Akisema mashine imekosea, wakubwa wataamini. Akikiri kwamba kosa ni lake, huenda kesho asirudi kazini.

Alivua glovu, akapapasa. Uvimbe, mdogo kama punje ya mtama.

"Injinia, nimekosea mimi. Hili ni la basi la wakata miwa wa Ruhembe."

Injinia, binti aliyefunga mashine, alimtazama kwa upole. "Mama, hii ina kiherehere, hata tope inaliita ubovu. Inataka mwalimu asiyeona aibu kusema amekosea. Kesho njoo na miwani ya kusomea kioo chake, uanze kuifundisha."